Kitenge cha Enesi na Wimbo wa Pande Mbili

Funga huo mlango, Lusubilo, ukungu wa Ibaba ukishaingia ndani hautoki mpaka Pasaka, na mifupa yangu haina tena nguvu ya kugombana nao. Haya, kaeni. Hapana, Tusekile, si hapo mlangoni kama abiria anayesubiri gari, umetoka Tunduma juzi na bado hujakaa, njoo hapa miguuni pangu. Na wewe Enesi acha hizo sufuria, mwanao Aida ni msichana mkubwa sasa, atazitazama, kaa upande huu wa ukutani. Mzee Watson nimemwita kwa sababu ni mzee wa kanisa na ni mtu asiyejua kuongeza maneno, ili nikishakuwa chini ya udongo asitokee mtu wa kusema mama alisema hivi, bibi alisema vile. Mimi sikusoma. Wosia wangu ni mdomo wangu, na pumzi ya kuusukuma imebaki kidogo, kwa hiyo atakayenikatiza nitakufa nimemkasirikia, na ajue hivyo.

Kesho ni Jumapili ya kwanza ya Majilio. Mchungaji atasimama atawaambia, wapendwa, huu ni wakati wa furaha, na nyinyi mtakaa kwenye mabenchi mmekunja nyuso kama watu wanaosubiri kudungwa sindano. Nimewachoka, jamani. Nimewachoka kweli. Mnadhani furaha inapakiwa kwenye gari huko mpakani Tunduma pamoja na soda na mchele na hizo taa zinazokonyeza macho ukutani, ikifika Krismasi mnaishusha, mnacheza, kesho yake kila mtu anarudi kununa kwake. Majilio ya milima hii yanakuja wakati wa palizi, ghalani wamebaki panya, mvua haimpi mtu nafasi hata ya kuanika shuka, mgongo unauma, viazi vimeoza shambani. Mtu akisema atafurahi mambo yakinyooka, basi hapa Ibaba atasubiri sana.

Baba yenu Asajile, Mungu amlaze, alinichosha kwa hilo. Anatoka shamba tope magotini, badala ya kuota moto anakaa barazani anachonga mianzi na kubandika karatasi, anatengeneza ile nyota ya kutundika mlangoni. Mimi namfokea, "Baba Lusubilo, watoto hawana mboga na wewe unachezea karatasi!" Yeye anasema, "Mama, Bwana anakuja. Tukingoja kushiba ndiyo tufurahi, atatukuta tumenuna." Na kila wiki ya Majilio alikuwa anachagua mtu mmoja ambaye hawapatani, anajifunga koti, anaondoka. Nikimwuliza anakwenda wapi, anasema, "Kupalilia." Jembe kaliacha nyuma ya mlango! Anakwenda kukaa na mtu huyo, anarudi anacheka peke yake njiani, mpaka mbwa wanambwekea. Mimi nilibaki nyumbani nikiweka kumbukumbu. Nani alitunyima maji mwaka wa njaa, nani alisema nini kwenye msiba wa nani, nani hakurudisha ungo. Ndiyo kazi yangu niliyoiweza. Mnanijua. Mtu wa ukoo huu akitaka kujua babu zake waligombania nini, anakuja kwangu, namwambia mpaka rangi ya ng'ombe.

Sasa mali, tuimalize upesi maana si nyingi. Nyumba hii ni ya Lusubilo na Enesi, wameikarabati wao. Shamba la kahawa la juu, la Lusubilo. La chini kule mtoni ni la Tusekile, na wewe Lusubilo usianze kusema mwanamke aliyeolewa Chapwa, hukohuko Tunduma, anataka shamba la nini, mama yako ndiye aliyechimba mashimo ya ile miche, nikiwa na wewe mgongoni unanilowesha. Jembe langu apewe Aida, analijua. Kitabu changu cha nyimbo Mzee Watson akirudishe kanisani apewe mtu anayeona maana yake, mimi nimekishika miaka mingi ili nionekane, nyimbo zote ziko kichwani, na mara nyingine nilikuwa nakishika juu chini. Usicheke, Mzee, uliniona na hukusema. Na ule ungo ulio nyuma ya mlango wa jiko ni wa mama Justine. Ndiyo, ni mimi ambaye sikurudisha. Mrudishieni leo.

Liko jingine ambalo sikurudisha.

Aida! Njoo mwanangu. Vuta sanduku langu la bati hapo chini ya kitanda. Usilifungue. Liweke hapa mbele ya wifi hawa wawili walioshindwa kusalimiana, halafu rudi jikoni, viazi visiungue.

Mnakumbuka Majilio ya mwaka elfu mbili na saba. Tangu mwaka ule wa ruksa, maduka yalipoanza kuwa na sabuni tena, mimi ndiye niliyewaongoza akina mama kwenye wimbo wa kupokezana, ule tunaofungulia Majilio, upande mmoja unaita na upande wa pili unaitika. Miaka zaidi ya ishirini. Halafu mwaka ule pumzi ikaanza kunikimbia, nikaita mara moja, ya pili sauti ikakatika, na Mzee Watson, huyuhuyu, akaja hapa kwa upole wake akasema, "Mama, tumeona uongozi wa wimbo apewe Enesi, wewe upumzike." Nikasema Mungu ni mwema. Moyoni nilikuwa nakaangika. Enesi hakuomba. Alinipigia magoti hapa hapa akasema, "Mama, ukikataa na mimi nakataa." Nikamwambia imba tu mwanangu. Tazameni uongo wa mtu mzima.

Wiki hiyohiyo likaja furushi kutoka Tunduma, Tusekile ametuma na dereva. Vitenge vinne vya sare ya Krismasi, bluu yenye ndege weupe. Changu, cha Aida, cha mdogo wangu Marita aliyekuwa bado hai, na cha Enesi. Dereva akasema, "Dada kasema huyu wifi yake apewe kile kirefu, maana ni mrefu." Nikakishika kile kirefu. Nikasema moyoni, wimbo kapewa, na nguo apewe? Nikakiweka chini kabisa ya sanduku. Nikajiambia nitampa kesho. Kesho ikawa keshokutwa, ikawa Krismasi.

Tulia, Tusekile. Nilisema nisikatizwe.

Krismasi wanawake wote wa nyumba hii tuko sare, tunapendeza kama kwaya, na Enesi katikati yetu amevaa lile gauni lake la kahawia la siku zote. Tusekile umeshuka kwenye gari na cha kwako mwilini, ukamtazama. Wewe ulidhani amekidharau. Enesi alidhani umemruka. Mkakutana jikoni. Nilikuwepo, nasonga ugali. Tusekile ukasema, "Wifi, naona nguo zetu za mpakani zinakuwasha." Enesi ukajibu, "Zinawasha wanaozivaa, wifi, mimi sina." Sina! Ulisema sina, na huyu mwenzako akasikia kiburi! Na mimi nikaendelea kusonga. Ugali ukawa mgumu kama tofali, mkaula hivyohivyo.

Miaka minne. Sasa niwagombeze na nyinyi kidogo, maana kosa ni langu lakini upumbavu tuligawana. Watu wazima mna simu, mnapigiana kuulizana kama mvua imenyesha, mkashindwa kuuliza, jamani, nguo yangu iko wapi? Lusubilo, wewe mwanamume, ukamshika mkono mke wako ukasema dada yako asikanyage tena hapa. Tusekile ukasema hata kaburi la baba hutalipitia. Kila Majilio tukaimba kuandaa njia, na njia ya kutoka Ibaba mpaka Chapwa mmeiotesha majani wenyewe.

Halafu ule mwaka wa tisa, Enesi akajifungua yule mtoto aliyekaa nasi siku mbili. Siku mbili tu. Tulimpa jina la Lusekelo, yaani furaha, na tukamzika tukiwa bado tunajifunza kulitamka. Lusubilo hukumpigia dada yako. Tusekile alisikia kwa dereva wiki ya pili, akalia sokoni mbele ya wateja wake, dereva mwenyewe aliniambia. Akaogopa kuja. Na Enesi alikaa hapa, maziwa yanamtoka, anatazama mlango, ananiuliza, "Mama, hata kwa hili wifi hawezi kuja?" Mimi nikamfunika blanketi. Sanduku lilikuwa chini ya kitanda nilichokalia. Ningenyoosha mkono tu.

Mnasema bibi ana hasira siku hizi. Hasira hizo si zote juu yenu, nyingi ni juu yangu mwenyewe. Nimefagia uwanja kila Majilio, nimetembelea wagonjwa, nimeomba kwa kufunga, nikisema Bwana nipe ile furaha ya Asajile, ile ya kucheka peke yake njiani. Haikuja. Ingekujaje? Nyumba nzima naifagia, taka nimezilalia. Kama kuna neno moja la kubaki nalo, ni hilo. Msiisubiri furaha ya Bwana kama mgeni wa mjini. Kila wiki ya Majilio chagueni mtu mmoja, vaeni koti, mwende mkamwulize. Ulizeni tu. Tope litakuwepo, njaa itakuwepo, mtarudi mnacheka.

Nipeni maji. Asante.

Enesi, fungua sanduku. Chini ya shuka. Chini zaidi. Hicho. Hakijawahi kuguswa na jua. Ni kirefu kwa sababu wewe ni mrefu, ndivyo wifi yako alivyosema. Mimi nilikuibia nguo, nikakuibia na dada wa kulia naye. Sikuambii unisamehe leo, samehe utakapoweza, hata nikiwa nimeshaondoka, nitasikia. Tusekile, usinitazame hivyo, mtazame yeye. Msogelee. Huyo ndiye aliyekuwa anatazama mlango.

Haya. Haya, lieni. Mzee Watson, geukia dirishani, kuna ukungu mzuri wa kutazama.

Sasa maagizo, sauti inaniisha. Mkinizika, sare ya msiba achague Enesi, wavae wanawake wote, na akisahauliwa hata mmoja nitaamka. Mimi msinivishe sare. Enesi, kama lile gauni lako la kahawia bado lipo, nipe hilo. Nataka nilale nalo. Nyota ya baba yenu iko darini, karatasi imeliwa na mende, bandikeni mpya, muitundike kesho asubuhi kabla ya kanisa. Na kesho kwenye wimbo, Tusekile atasimama upande wa kuita, Enesi upande wa kuitika. Mzee Watson, umesikia? Usiende kuitisha kikao. Nishaamua.

Lakini mimi kesho sina hakika nayo. Imbeni sasa. Hapahapa.

Mungu wa Asajile awabariki kutoka na kuingia kwenu... awape mvua ya kiasi... mabishano yenu ayafupishe. Watoto wenu wacheke njiani mpaka mbwa wawabwekee. Nimemaliza ya kwangu.

Anza, Tusekile... Hivyo. Juu kidogo.

Enesi... sikusikii, mwanangu. Usipoitika sitakulaumu. Nasubiri tu... Majilio ndiyo kusubiri...

Eeh.

Hapo, Enesi. Hapo hapo... Lusubilo, wewe nyamaza, huo ni wimbo wa akina mama. Rudieni... mwanzo... msiharakishe...