Turubai na Bia ya Mafundi

Kila mvua ilipozidi kupiga vioo vya basi la Aarhus, Birthe, aliyeketi mbele ya abiria mwingine, Lone, alifumba macho. Alikuwa akimsimulia mzee asiyemjua aliyeketi kando yake: mafundi walisimamisha kenchi mpya za nyumba yake, wakatundika shada la maua juu kuonyesha kenchi zimekamilika, kisha wote wakashuka kunywa bia ya mwenye nyumba kama ilivyo ada ya huko. Turubai likabaki chini. Mvua ikanyesha hadi vitandani.

"Watu wa bima wanasema ni uzembe, hawalipi."

"Si ungewaambia wafunike kwanza, mama?"

"Mafundi na kiu yao? Ukiwachelewesha bia wanakutundikia sanamu ya majani makavu badala ya shada, mtaa mzima ujue una mkono wa birika."

"Bora aibu kuliko godoro lililolowa."

Lone, aliyetundikiwa sanamu hiyo mwaka jana, hakuuona huo ubora.

"Mzee wangu, wakala wa bima ni jirani yangu. Ndiye aliyewaita washuke, bia zisipate moto."

"Sasa anasemaje?"

"Anasema hakumbuki kama kulikuwa na mawingu."

Basi likasimama. Birthe akajifunga skafu kichwani, akashuka kwenye mvua kurudi kwenye nyumba yenye shada bila paa.