Ndege ya Mwisho ya Fundi Sindano

Ndugu waombolezaji, kaka yetu, ambaye wengi wenu mlimjua kwa jina la Fundi Sindano, alizaliwa tarehe 14 Machi 1961, mtoto wa tatu wa mwashi na mkunga, akamaliza shule ya msingi mwaka 1975, akaenda chuo cha ufundi, na Februari 1980 akaajiriwa na kiwanda cha nguo kutengeneza vyerehani, kazi aliyoifanya mpaka alipostaafu mwaka 2021.

Mwaka 1986 alimwoa mshonaji wa kiwandani hapo, aliyekuwa akimwita kila mara kuja kutazama cherehani kizima, akidai kimeharibika, nao wakajaliwa mabinti wawili.

Nje ya kazi, marehemu aliunda ndege ndogo za rimoti, akizirusha Jumapili kwenye uwanja ulio nyuma ya kiwanda. Tarehe 2 Agosti 2009 alifunga haraka haraka waya unaotoka kwenye servo, ile mota ndogo inayogeuza mkia, kibanio hakikubana sawasawa, waya ukachomoka ndege ikiwa juu, ikashuka kichwa chini na kumpiga mkewe usoni, akapoteza jicho la kushoto.

Tangu hapo alikaa upande wa kulia wa mkewe, mezani, kitandani, hata kwenye picha, nasi tukawatania kwamba wanapendana kama vijana, kumbe hakuweza kuutazama ule upande wa pili.

Mwaka 2018 wifi yetu alilivuta sanduku la ndege kutoka uvunguni, lilikokaa tangu ajali ile, akamwambia, "Funga waya, mimi nashika rimoti." Akafunga, akiweka kila servo katikati kabla ya kukaza kijimkono chake kinachovuta waya, wifi akisukuma kijiti cha rimoti huku na huku, naye akivivuta vibanio kwa koleo kuhakikisha vimebana, mpaka vidole vikachubuka. Ndege ikawa tayari, asiirushe, na kila Jumapili akafungua vyote akaanza upya.

Ini lilianza kumsumbua Januari 2023, akalazwa Mei, katika chumba chembamba ambamo kiti cha mgeni kiliingia upande mmoja tu, hivyo wifi akakaa upande wa jicho lililopotea ukimwelekea mumewe. Asubuhi ya tarehe 9 Juni kaka aligeuza kichwa, akamtazama kwa muda mrefu, akauliza, "Panauma bado?"

Wifi akasema, "Paliacha zamani, baba watoto. Nilikuwa nangoja uulize."

Jioni hiyo kaka akafariki.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia, majirani walioshinda na kukesha nasi, na wenzake wa kiwandani waliolibeba jeneza.

Kaka, pumzika sasa, wewe na mikono yako.