Siku Nyundo Alipohama

Miaka ishirini fundi bati wa kona ile, waliyembatiza Nyundo, hakuwahi kukaa kwenye benchi la kijiweni saa za kazi. Siku hiyo alikaa. Zana alishazifunga, lori lilikuwa njiani, na chumba kipya kilimsubiri upande wa pili wa mji, kikubwa, kimetulia, mbali na hawa watu waliomwita kero kila kukicha kwa kelele zake. Furaha alikuwa nayo, tena tele. Ila tangu asubuhi mtaa mzima ulikuwa unaboronga. Kinyozi wa mlango wa pili alikuwa ametoka nje na mkasi, kamwacha mteja na ndevu upande mmoja.

— Mkono umenigomea, alisema Kinyozi. Sijui ni uzee!

— Uzee gani, kitoto kama wewe? Mama Pindo, mshonaji, alichungulia dirishani. Mimi nguo hii moja nimeifumua mara tatu. Kuna mkono wa mtu hapa.

— Wahenga walisema, kikulacho ki nguoni mwako, alitamka Profesa, mwalimu mstaafu ambaye methali zake hupotea njia.

— Nguo zenyewe za wateja, Profesa. Ziwale wao!

— Basi ni mnara wa simu. Unanyonya akili.

Muuza kahawa akatikisa kichwa.

— Mimi leo namwaga tu. Siku zote nikisikia nyundo ya huyu, ngo, ngo, paa, kwenye paa nainua birika. Leo paa haipo.

Kinyozi aliganda.

— Jamani! Na mimi nakata kwenye paa!

— Ee Mungu wangu, alisema Mama Pindo taratibu. Na mimi kona zote nazigeuzia hapo hapo.

Profesa akasimama, macho yamemtoka.

— Na yule binti wa ghorofani aliyepata jina kwa kuimba? Wimbo wake si ngo, ngo, paa? Na watoto wanavyoruka kamba? Mji mzima huu, nawaambieni, hata mapigo ya moyo! Haba na haba hujaza kibaba!

Nyundo alisisimka mwili mzima. Yeye, kero? Alitamani kucheka, akajikuta machozi yanamlengalenga.

Lori likafika. Dereva akashuka, akapewa kahawa, akasimuliwa yote.

— Kwa hiyo ni wewe uliyeanzisha mdundo huu, mzee wangu?

Nyundo alitaka kuitikia. Akakumbuka siku yake ya kwanza pale, mgeni, hamjui mtu, hajui aanze na pigo gani.

— Hapana, alisema. Nilikuta cherehani ya Mama Pindo inalia. Nikaifuata.

— Mimi? Mama Pindo aliruka. Mimi nilifuata mkasi wa marehemu baba yake Kinyozi!

— Na baba alikuwa akifuata birika, alisema Kinyozi.

Wote wakamgeukia muuza kahawa.

— Msinitazame mimi. Kazi hii niliirithi kwa mjomba, na mjomba naye aliwakuta watu na mdundo wao.

Wakaangaliana, kicho kimewashika, kama ndiyo kwanza wanaonana. Dereva alimaliza kahawa yake, akarudisha kikombe, akafungua mlango wa nyuma wa lori.

— Haya, mzee wangu. Sasa mimi nipakie nini, zana au mtaa mzima?