Zizi la Viraka la Bibi Loisi wa Zuzu

"Loisi, hamisha mbuzi wako! Umetuloga!"

"Nimekuloga na nini, Yotham? Mimi mwenyewe nimefukia kumi na mmoja."

"Kumi na mmoja! Mimi nimefukia sitini. Sina hata wa kulia mee!"

Wasikilizaji wapendwa, ugomvi huo ulikuwa mtaa wa Zuzu, mwaka 1993, jua la utosini. Aliyetukanwa ni Bibi Loisi Matonya. Aliyetukana ni Mzee Yotham, jirani yake wa ua kwa ua. Bibi Loisi ametutoka Jumanne iliyopita. Ndiye tunayemkumbuka leo.

Habari zake mimi nilizisikia kwanza Ipagala, kwa watu ambao hawamalizi kikombe cha kahawa bila kumtaja mtu. Nikaenda Zuzu kuhakikisha.

Ilikuwa miaka ya ruksa. Kila kitu kilikuja sokoni, mitumba, redio, mpaka mifugo ya mbali. Yotham akanunua beberu mweupe, mkubwa kama ndama. Zuzu nzima ikapeleka mbuzi majike kwake. Miaka minne baadaye, mabinti wa beberu wakapandwa na baba yao. Mazizi yote yakawa meupe. Meupe, yanafanana.

Bintiye Bibi Loisi, Anitha, aliniambia, "Ukipiga mluzi, wanageuza shingo wote mara moja. Kama mbuzi mmoja mwenye macho mia. Nilikuwa naogopa kupita."

Bibi Loisi alikataa. Kila kiangazi alidandia lori na beberu wake hadi Mlali, akamwacha kwa rafiki yake Dorkasi, akarudi na mwingine. Wazee wetu ndivyo walivyotunziana mifugo, balaa moja lisimalize kila kitu. Majirani wakamcheka. Wakaliita lake zizi la viraka.

Kisha kikaja kikohozi.

Kilianza kwa Yotham. Kesho yake nyumba ya pili. Kikohozi kilekile, sauti ileile, kikihama zizi hadi zizi. Siku ya kumi na mbili, kimya. Njuga hazilii. Miili meupe imelala kwenye udongo mwekundu, na hata nzi ungedhani wamenyamaza. Kwa Loisi tu palisikika kutafuna. Mbuzi thelathini na wawili, ishirini na mmoja wamesimama.

Mtaa ukaamua: Loisi aondoke Zuzu kabla ya Jumapili.

Bwana mifugo, Swalihu, akaita kikao.

"Ndani ya mwili kila mnyama ana walinzi," alisema. "Anawarithi kwa baba na kwa mama. Huyu ana wa kuutambua ugonjwa huu, yule ana wa ugonjwa mwingine. Weupe wenu wote ni wa baba mmoja, walinzi wao ni walewale. Ugonjwa nao unajifunza kuwapita walinzi waliozoeleka. Wenye walinzi adimu wanabaki, wanazaa. Wakishakuwa wengi, ugonjwa unawageukia wao. Ni hivyo tangu enzi, kwa mbuzi, kwa panya, hata kwetu sisi. Anayechagua wa kufa si Loisi. Ni ugonjwa. Na haujachoka kuchagua."

Mtu akaguna. "Basi mbona wake pia walikufa?"

"Anitha," akauliza Swalihu, "hao kumi na mmoja walikuwa rangi gani?"

"Tisa weupe. Beberu wa Baba Yotham aliruka ua wetu mwaka juzi, akapanda majike yetu."

Kikao kizima kikageuza shingo kumtazama Yotham. Wote mara moja.

Bibi Loisi hakuondoka. Mwaka uliofuata aligawa vitoto vya madoadoa kwa kila nyumba. Yotham alichukua wawili. Lakini samahani hakuomba, na mlango wa Loisi hakuuvuka tena. Miaka mitano, hadi Loisi alipotutoka.

Wasikilizaji wapendwa, tunampa pole Anitha na ukoo mzima wa Matonya. Na sisi tuliobaki tujiulize: yule tunayemcheka kwa kuwa hafanani nasi, tukimfukuza, siku balaa likija atasimama nani?

Nilikuwepo mazishini. Watu wameshakaa kula. Yotham amesimama nje ya ua, kofia mkononi, hasogei. Mbuzi wa kila rangi wanampita miguuni.

Anitha akamwona. Akafuta mikono, akamfuata.

"Shikamoo, Baba Yotham."

"Marahaba, mwanangu. Mimi... mama yako sikuwahi kumwambia..."

"Najua, baba. Ingia. Ugali wa uwele upo, na mlenda. Karibu ndani ule."