Bi Zoraida Pinzón Ardila, Mwenye Kadi za Maulizo (1951–2019)

Bi Zoraida Pinzón Ardila, tunayemzika leo Jumanne tarehe 19 Novemba 2019, alizaliwa Jumatano tarehe 14 Machi 1951 hapa hapa Santa Rufina de la Loma, mtoto wa tatu kati ya wanne wa mzee Belarmino Pinzón, mshona matandiko ya farasi, na mama Rosenda Ardila. Siku hiyo kijito kilikuwa kimefurika na mkunga alichelewa. Marehemu alipenda kusema kwamba yeye alifika kwa wakati wake, wengine wote ndio waliochelewa. Msimamo huo hakuuacha maisha yake yote.

Alisoma kwa masista kuanzia mwaka 1958 hadi 1962, kisha akaenda chuo cha ualimu cha Socorro, alikopata cheti chake tarehe 5 Desemba 1969. Katika ripoti yake ya mwisho mkuu wa chuo aliandika: “Anajua, na anajua kwamba anajua.” Familia ilidhani ni sifa. Ripoti hiyo ilitundikwa sebuleni kwa miaka kumi.

Kituo chake cha kwanza cha kazi kilikuwa shule ya El Cucharo, huko juu mlimani, alikofundisha miaka mitatu. Hakukuwa na nyumba ya mwalimu. Alipewa chumba kwa mzee Eliécer Wilches, akala mezani pamoja na watoto wake, na kila Ijumaa mwana mkubwa wa nyumba hiyo, Anselmo, alimshusha mjini kwa nyumbu. Mzee Anselmo yuko nasi leo, amekaa kule nyuma karibu na mlango. Jina lake litarudi katika wasifu huu, na tunamwomba radhi mapema.

Tarehe 1 Februari 1973 marehemu aliingia maktaba ya manispaa, akakaa humo miaka arobaini na miwili. Kazi kubwa aliyoifanya ni kadi za maulizo. Kila mtu alipoingia na swali, liwe la mpaka wa shamba, la mwaka wa ubatizo au la jina la babu aliyepotea vitani, aliliandika upande wa mbele wa kadi. Kisha alitafuta katika gazeti la La Loma, lililotoka kila Jumamosi hapa mjini kuanzia mwaka 1931 hadi 1983, na alipopata jibu aliandika nyuma ya kadi: toleo, ukurasa, safu. Kadi zilifika elfu kumi na moja mia nne na kumi na mbili. Aliyeuliza hakuwahi kuishika kadi. Aliegemea kaunta, Bi Zoraida akaivuta droo, akaigeuza kadi, akamsomea.

Wengi wetu tunafahamu kwa nini kadi hizo zilikuwa na thamani. Watu wa mji huu, walipokuwa wakinunua ardhi, hawakutangaza. Waliogopa kodi na waliogopa macho ya jirani. Lakini Mtakatifu Rufina, msimamizi wa mji wetu, hakuweza kunyimwa shukrani zake, kwa hiyo mnunuzi alitoa tangazo dogo: fulani anamshukuru Mtakatifu kwa neema aliyoipata mahali fulani. Anayetafuta mauzo ya ardhi kwenye ukurasa wa mauzo hapati kitu. Mkutubi wetu alilijua hilo, na hakumfundisha mtu.

Tarehe 22 Desemba 1979 aliolewa na Bwana Gonzalo Tapias, mpima ardhi. Bwana Gonzalo alimchumbia kwa kuazima kitabu kimoja cha jiometri mara tisa. Walipokuwa fungate walisahau kukirudisha, na waliporudi mke alimfungia mume kadi ya kuazima kwa wiki mbili. Alilisimulia hilo kama kichekesho, na mumewe alicheka pia, miaka ya mwanzo. Mwaka 1986 Bwana Gonzalo alikwenda Venezuela kikazi, na hakurudi. Alifariki huko mwaka 2003. Hawakujaliwa watoto.

Mwaka 2013 maktaba ilipata mkuu mpya, Bwana Leonel Cala. Mama yake aliuza empanada, sambusa za kwetu, mlangoni pa maktaba, na yeye mwenyewe alikulia humo ndani, chini ya kaunta ya Bi Zoraida, ambaye ndiye aliyemfundisha kusoma. Bi Zoraida alikuwa amekitarajia cheo hicho kwa miaka arobaini. Leonel alimwita Mwalimu mbele ya watu wote, akampa kiti cha kwanza, na kumpa kiti hicho kulimchoma zaidi kuliko kama angemsahau.

Katika mkutano wake wa kwanza Leonel alieleza kwamba wasomaji walikuwa sitini kwa siku na sasa ni saba, wawili kati yao wakija kujikinga na mvua. Alisema watoto wanatafuta kila kitu kwenye simu, wajukuu waliohamia Bucaramanga na Madrid hawawezi kuja kuegemea kaunta, na gazeti la La Loma linaliwa na nondo. Maktaba ingeingizwa kwenye kompyuta, magazeti na kadi pia. Kila alilosema lilikuwa kweli. Bi Zoraida alisimama akasema kadi zake si za kuchezewa.

“Mwalimu,” Leonel alimjibu kwa upole, “watu hawataki kadi. Wanataka majibu.”

Ukumbi ulicheka. Hakikuwa kicheko kibaya, ila Bi Zoraida alikibeba nyumbani.

Mashine ya kuskani ilikuja Februari 2015, wiki ya mwisho ya kazi yake. Leonel mwenyewe ndiye aliyezilisha kadi. Bi Zoraida alisimama mlangoni na kikombe chake cha kahawa, akaona kadi ya kwanza ikiingia na kutoka, ya pili, ya kumi. Mashine ilikuwa imewekwa kusoma upande mmoja tu. Leonel alikulia katika maktaba ile, lakini katika utoto wake wote aliuliza tu, na jibu lilitoka kinywani mwa Mwalimu. Hakuwahi kuigeuza kadi hata moja.

“Zinakwenda?” Bi Zoraida aliuliza.

“Kama maji, Mwalimu.”

“Haya.”

Akamaliza kahawa yake, akasuuza kikombe, akaenda kula chakula cha mchana.

Tunalijua hili kwa sababu alilisimulia mwenyewe mwaka huo huo, jikoni, akiengua povu la sukari guru kwenye sufuria, kwa mpwa wake Marleny. “Nilitaka aje mwenyewe kunipigia magoti,” alisema. “Nilihesabu mwezi mmoja.”

Lakini alisahau jambo moja, ingawa alikuwa akiliona kila mwaka. Mjini kwetu karatasi chakavu za ofisi zote huenda kwa Bwana Reinel, mtengeneza fataki, kwa ajili ya sikukuu ya Mtakatifu. Yeye mwenyewe alimpelekea magazeti ya mahakama na daftari za mahudhurio. Haikumjia akilini hata mara moja kwamba kuna mtu angeziita kadi zake chakavu. Zilipokwisha kuskaniwa, zilipelekwa huko. Alipokwenda kuuliza mwezi Juni, Bwana Reinel alimwonyesha makasha matupu. Alisema ni karatasi nzuri, ngumu, haipasuki kabla ya wakati wake.

Jumapili tarehe 19 Julai 2015, saa sita mchana, sanamu ya Mtakatifu Rufina ilipotoka kanisani, roketi mia tatu zilipigwa. Baada ya moshi vilianza kushuka vipande vya karatasi vilivyoungua kingo, vikatua juu ya kofia, juu ya ngoma za bendi, juu ya vikapu vya mchwa wa kukaanga. Vilikuwa na mwandiko wake. Watu waliutambua, maana nusu ya mji ilisomewa majibu kutoka humo.

“Mwalimu, fungua mwavuli,” mama mmoja alimwambia, “vitabu vyako vinanyesha.”

Bi Zoraida alipiga magoti kwenye mawe ya uwanja, akiwa na gauni lake jeusi la sikukuu, akaanza kuokota. Hakuna aliyeinama naye. Kwa siku tatu alionekana na ufagio na ngazi, akifagia mapaa na mifereji. Watoto walimpa jina, na hatulitaji hapa.

Mwezi Agosti meya alizindua maktaba mpya ya kompyuta. Mtu wa kwanza aliandika: nani alijenga daraja la kijito? Kompyuta ilifikiri, kisha ikaandika: Nani alijenga daraja la kijito? Tarehe 3 Mei 1977. Ndipo Leonel alipoelewa. Mji uliita kompyuta hiyo kasuku wa Leonel, na meya hakurudi tena.

Leonel alikwenda nyumbani kwa Bi Zoraida mara nne. Mara ya nne aliachwa amesimama uani na kinasa sauti mkononi, wakati Bi Zoraida akichambua maharagwe.

“Nakuomba, Mwalimu. Saa moja tu kwa siku. Wewe unayo yote kichwani.”

“Si ulisema watu wanataka majibu? Wape.”

“Sina.”

“Panda madhabahuni siku ya Mtakatifu, useme hivyo hivyo. Nitakuja siku inayofuata.”

Leonel alisema angefukuzwa kazi, na mama yake alikuwa mgonjwa. Bi Zoraida alimwambia mlango anaufahamu.

Jumatano tarehe 6 Septemba 2017 ndipo alipokuja mzee Anselmo Wilches. Kampuni moja ya mawese ilikuwa imeleta hati ya El Cucharo ya chini, na hakimu alimpa hadi tarehe 29 mwezi huo alete ushahidi wowote kwamba baba yake alilinunua shamba hilo. Alikumbuka kwamba mzee Eliécer aliwahi kuuliza maktaba, mwaka 1984, na alirudi nyumbani siku hiyo akiimba. Alileta jibini na akavua kofia.

Bi Zoraida alilijua jibu. Alimwambia Marleny jioni ile kwamba alikuwa akiiona kadi kama ameishika. Lakini Anselmo alikuwa mtu wa kuheshimika, na malalamiko yake yangesikika. Kwa hiyo alimwambia aende kwanza maktaba akaulize kasuku, na akishindwa aende kwa meya kusema ameshindwa, na kwa sababu ya nani. Ndipo arudi.

“Mwalimu, mimi si mtu wa kwenda kwa meya,” mzee alisema. “Wewe nilikushusha kwa nyumbu.”

“Nakumbuka, Anselmo. Nenda. Wiki moja haiui mtu.”

Alikwenda. Kompyuta ilimrudishia swali la baba yake. Leonel na watumishi wawili walisoma matoleo ya La Loma mchana kutwa, ukurasa wa mauzo baada ya ukurasa wa mauzo, wala hawakupata kitu, kwa sababu walitafuta mauzo. Ilimchukua mzee siku tatu nyingine kupata ujasiri wa kupanda ngazi za meya, na meya hakuwepo.

Jumanne tarehe 12 Septemba, saa nne asubuhi, Bi Zoraida alianguka uani kwake kwa kiharusi. Mzee Anselmo alirudi Alhamisi, akaelekezwa hospitali ya Socorro. Alisimama kando ya kitanda, kofia mkononi, akasema amefanya yote aliyoagizwa. Bi Zoraida alifungua kinywa mara kadhaa. Lililotoka ni neno moja.

“Lini?” alisema. “Lini? Lini?”

Ugonjwa ulimwachia maneno ya kuuliza tu: nani, lini, wapi. Aliishi nayo miaka miwili na miezi miwili, akiwauliza wauguzi, ukuta, na mpwa wake aliyemlisha. Hakimu aliamua tarehe 29. Tarehe 3 Novemba 2017 familia ya Wilches ilishuka kutoka El Cucharo na kuku wake.

Maktaba haikufa bila yeye. Leo inapokea watu tisini kwa siku, wajukuu wa Madrid wanasoma La Loma wakiwa jikoni kwao, na Leonel huzunguka na kinasa sauti kwa wazee waliobaki. Juu ya mashine amebandika karatasi yenye neno moja: GEUZA. Kila Desemba aliuleta mkate wa sikukuu kwa mgonjwa. Mgonjwa alimuuliza yeye ni nani.

Bi Zoraida alifariki Jumapili tarehe 17 Novemba 2019, saa moja asubuhi, nyumbani kwake. Jana Marleny, akitafuta gauni jeusi la kumvisha, alikuta chini ya kitanda bati la biskuti lenye vipande mia mbili na kumi na viwili vilivyookotwa uwanjani. Kimoja kimeungua upande wa swali, yamebaki maneno mawili, El Cucharo. Nyuma kipo kizima: Toleo 1468, ukurasa wa 4, shukrani, chini kushoto. Leonel alilifungua toleo hilo jana alasiri. Eliécer Wilches anamshukuru Mtakatifu Rufina kwa neema ya El Cucharo ya chini, Machi 1959.

Kipande hicho atakabidhiwa mzee Anselmo hapa kaburini, baada ya udongo wa mwisho. Wakili amesema hakitamrudishia kitu.

Marehemu ameacha mdogo wake, Bi Custodia Pinzón. Mpwa, Marleny Rueda Pinzón. Mwanafunzi, Leonel Cala. Na maswali elfu kumi na moja mia nne na kumi na moja.

Mungu amlaze kwa amani, mahali asipoulizwa tena.