Jaketi Alilonishonea Mama Imani

Ninamshukuru Mungu aliyenipa pumzi ya kuwasalimia asubuhi hii, ndugu zangu katika Kristo. Amani iwe kwenu ninyi mliokaa mbele, na ninyi wa kule nyuma, na wale waliosimama mlangoni kwa kuwa viti vimejaa.

Wengi mnanijua. Mimi ni Baba Imani wa Rugenge, na kazi yangu ni pikipiki. Ninabeba watu na mizigo yao kutoka bandarini Kalundu mpaka Kavimvira kwenye mpaka, kisha ninarudi. Kwa kazi hiyo nimelisha watoto wangu, na sioni haya kuitaja mbele ya madhabahu.

Ndugu zangu, sisi wamotari wa mji huu mnajua tulivyokuwa tunaendesha. Shati jepesi, sandali miguuni, kichwa wazi. Kofia ngumu, ile tunayoiita kaske, ilikuwa inaning'inia kwenye usukani kama pambo. Jua la Uvira linachoma, na ukimwambia mtu ajifunge nguo nzito kuanzia shingoni mpaka kwenye vidole vya miguu, anakuona umerukwa na akili. Mimi nilikuwa miongoni mwao. Nilikuwa ninaanguka kama wenzangu walivyokuwa wanaanguka. Leo kiwiko, kesho goti. Nikirudi nyumbani Mama Imani anapasha maji, anatia chumvi, ananiosha kidonda. Ananiosha, anafunga kitambaa, anarudi kwenye cherehani yake, maana yeye ni mshonaji.

Pale kwenye parkingi yetu, tunapongojea abiria, alikuwepo kijana mmoja, Bahati. Alikuwa mtu wa kuchekesha, na alijua kuimba. Siku moja alianguka akapiga kichwa kwenye jiwe, na hakuamka tena. Tulimzika.

Familia yake walinunua kitenge cha kilio, kila mtu avae namna moja, kama tunavyofanya. Walikileta kwetu ili Mama Imani akishone. Walikuja kupimwa mmoja mmoja: mama yake, dada zake, shangazi zake, na mjane wake aliyekuwa na mtoto mgongoni.

Siku iliyofuata nilirudi nyumbani mchana kula. Nilimkuta Mama Imani ameketi mbele ya cherehani, kitenge kikiwa chini ya sindano, lakini miguu yake haikukanyaga. Alikuwa ameweka kiganja juu ya kile kitambaa, ametulia tu. Nikamuuliza, "Mama Imani, unaumwa?"

Akaniambia, "Baba Imani, hii ni ya mama ya Bahati. Ile pale ni ya bibi yake, yule mwenye mtoto mgongoni. Nitazimaliza zote, kwa sababu nimekubali kazi. Lakini ya kilio chako miye sitashona."

Nikamwambia, "Mungu ananilinda."

Akasema, "Ndiyo. Na miye Mungu amenipa mashine. Simama nikupime."

Akachukua mita yake. Alinipima mabega, mikono, kifua, akanipima mpaka kwenye magoti, na chakula kikapoa. Tangu tuoane hakuwahi kunipima kwa makini namna ile.

Sasa sikilizeni kazi ya mikono ya mke wangu. Nguo za pikipiki zile za kiwandani tuliziona kwa watu wa mashirika tu, hazikuwa za watu kama sisi. Mama Imani akatafuta turubai nzito ile ya kufunika malori. Akaikata jaketi. Kwenye mabega na mgongoni akatia sponji ya godoro, matabaka mawili. Kwenye viwiko akashona mpira uliokatwa kutoka kwenye gurudumu la gari, na sindano zilivunjika nyingi kabla hajapata ile inayoweza kupita. Magoti akayakinga kwa vipande vya bidoni, dumu lile la plastiki ngumu, akavikunja juu ya moto mpaka vikachukua umbo la goti langu mwenyewe. Nilipolalamika kwamba nitaiva humo ndani kama ndizi, akaenda Kalundu kwa wavuvi, akaomba kipande cha wavu uliochakaa, akakishona kwapani ili hewa ipite. Viatu vyangu vikawa buti za kufunga kamba, na glavu alizitengeneza kwa ngozi ya mkoba wake wa zamani, ule aliokuja nao siku ya harusi.

Kaske yenyewe haishonwi. Alikwenda Kavimvira kuongea na mama mmoja anayevuka kila siku kwenda Bujumbura, akamwagiza zile zinazofunika mpaka kidevu. Zilifika mbili. Nikamuuliza ya pili ni ya nani. Akasema, "Ya yule utakayembeba. Yeye pia alizaliwa na muntu."

Ndugu zangu, asubuhi ya kwanza nilipofika kwenye parkingi, kazi ilisimama. Wenzangu walinizunguka. Mmoja akagonga mgongo wangu kama anayegonga mlango. Mwingine, Safari, akasema, "Weye unaenda kwenye mwezi ao unaenda Kavimvira?" Siku ile ile nikapata jina jipya: Robo, yaani roboti. Abiria walikuwa wananikimbia. Mtu anafika, ananiangalia, anapita kwenda kwa mwenzangu mwenye shati.

Hata hapa kanisani nilisemwa. Mzee mmoja wa kikundi cha maombi, ambaye ninampenda na ninamheshimu, alinishika mkono pale nje akaniuliza, "Baba Imani, unavaa hivyo unaogopa nini? Imani yako iko wapi?" Nilikwenda nyumbani na moyo mzito, nikamweleza Mama Imani. Alikuwa anasonga ugali. Akasema, "Yeye anapoingia kulala anafunga mlango ao anauacha wazi?" Akaendelea kusonga.

Tatizo lililobaki lilikuwa kaske ya abiria. Wamama walikuwa wanasema, siwezi kuvaa kitu kilichovaliwa na vichwa vya watu wote wa Uvira, na nywele zangu nimesuka jana. Ni kweli, walikuwa na haki. Mama Imani akashona vikofia vyepesi vya pamba vya kuvaa ndani ya kaske. Kila abiria anapata kilicho safi, na vilivyotumika vinafuliwa na kupigwa pasi. Hapo ndipo mambo yalipoanza kubadilika. Wa kwanza kuwa mteja wangu wa kudumu alikuwa Mama Zaina wa Kalundu, mfanyabiashara wa vitenge, Mwislamu. Alichukua kikofia akakinusa, akasema, "Kinanuka sabuni. Twende." Akakivaa juu ya mtandio wake, kaske ikaketi vizuri, akapanda.

Tukawa tunasafiri pamoja kila siku ya soko, yeye na mafurushi yake ya vitenge, mimi na uRobo wangu.

Sasa nafika kwenye siku ambayo Bwana alinionyesha mkono wake.

Mvua ilikuwa imenyesha tangu alfajiri. Mnajua mvua ya hapa kwetu inavyofanya: inashuka mlimani na mawe yake na matope yake, inayamwaga barabarani, kisha inakwenda zake ziwani kana kwamba haikufanya kitu. Ilipotulia, Mama Zaina alinipigia simu, alikuwa na watu wanaomngoja mpakani. Nilivaa vyote. Nilifunga hata kamba ya chini ya kidevu. Niliomba kama ninavyoomba kila siku, mkono juu ya tangi la mafuta, nikaenda kumchukua.

Tulikuwa tumepita katikati ya mji, nikiendesha polepole. Mbele yetu lilikuwa limelala rundo la mawe upande wa pili wa barabara. Lori likaja kutoka Kavimvira. Lilipofika kwenye mawe, dereva akalikwepa rundo, akaja moja kwa moja upande wangu. Sikuwa na mahali. Nilivuta pikipiki kwenda ukingoni, gurudumu la mbele likakamata jiwe, na ndugu zangu, nikaiacha dunia. Nakumbuka nilisema "Yesu" mara moja. Kisha nilikuwa ninateleza juu ya changarawe kwa ubavu, ninasikia turubai ikilia, na kichwa changu kikaenda kupiga ukingo wa mtaro wa saruji. Sauti ile bado ninaisikia. Ilikuwa kama mtu amepasua ubao ndani ya sikio langu.

Nikafungua macho nikaona mawingu kupitia kioo kilichopasuka. Nikasikia mwanamke mmoja kandokando ya barabara ameanza kulia kilio cha msibani, anasema, "Wamekufa, wote wawili wamekufa."

Nikajaribu mguu mmoja, ukakubali. Nikajaribu wa pili, ukakubali. Nikasimama. Yule mama aliyekuwa analia akanyamaza, akaketi chini barabarani.

Nikamtafuta Mama Zaina. Alikuwa ameangukia upande wa matope, kaske yake imekwaruzwa kutoka paji mpaka kisogoni, kitenge kimechafuka chote. Nikapiga magoti nikamwita. Akafungua macho, akasema, "Alhamdulillahi. Baba Imani, vitenge vyangu viko wapi?" Hapo nilijua akili yake ni nzima. Mkono wake ulikuwa umeteguka, basi. Mimi nilivunjika mfupa wa bega. Lakini kichwa changu, ndugu zangu, mnakiona. Uso wangu mnauona. Viwiko vyangu havikuwa na alama hata moja.

Watu walitupeleka hospitalini. Muganga aliyetupokea alinivua jaketi taratibu kwa sababu ya bega. Akaligeuza huku na huku. Turubai ya kiwiko ilikuwa imekwisha kabisa, imeliwa na barabara mpaka kwenye mpira, na mpira ulikuwa umechunika nusu. Kipande cha bidoni cha goti kilikuwa kimepasuka katikati. Ile kaske ilikuwa na ufa unaoweza kuingiza kidole. Muganga akaniuliza, "Hii jaketi umenunua wapi?"

Nikamjibu, "Bibi yangu ameshona." Bega lilikuwa linawaka moto, lakini nilitaka aulize tena ili nijibu tena.

Mama Imani alifika anakimbia, sindano bado zimechomekwa kwenye blauzi. Watu walikuwa wamemwambia habari mbaya njiani. Hakulia. Alinishika kichwa kwa mikono miwili, akapapasa kila upande. Akashika kiwiko hiki, akashika kile, akashuka mpaka kwenye magoti. Kisha akasogea kwa Mama Zaina akampapasa vile vile. Alipomaliza ndipo akaketi ukingoni mwa kitanda changu, akavuta jaketi mapajani, akalichunguza muda mrefu. Akasema, "Hapa kwa bega sponji ni kidogo. Nitaongeza." Ndipo machozi yakamtoka, yakadondoka juu ya turubai, na mimi nikalia pamoja naye, na Mama Zaina kwenye kitanda cha jirani akatuambia tunyamaze, wagonjwa wanataka kulala.

Ndugu zangu, nimeulizwa: je, ni Mungu aliyekuokoa au ni zile nguo? Mimi nilikuwa pale chini kwenye mtaro, na sijui kutenganisha hayo mawili. Niliomba asubuhi ile, na nilivaa asubuhi ile. Nilimwomba Mungu anilinde, na jibu lake lilikuwa limekwisha kushonwa nyumbani kwangu na mwanamke aliyekesha na maombi yake na mashine yake. Kama mtu ataniambia kwamba nilipungukiwa na imani, nitamwonyesha kiwiko changu.

Na yule mzee wa kikundi cha maombi alikuja kunitazama nikiwa nimefungwa bega. Hakuhubiri. Alikaa, akala pamoja nasi, na alipoondoka alimwomba Mama Imani ampime mtoto wake, ambaye ni motari wa Kalundu. Safari naye alikuja. Alipanga mstari kama wengine. Sasa nyumbani kwetu kuna cherehani mbili, na mjane wa Bahati ndiye anayeketi kwenye ile ya pili. Yeye ndiye anayeshona viwiko. Anasema hataki mtu mwingine ashone sehemu ile.

Najivuna, ndugu zangu. Mchungaji anisamehe kama ni vibaya kujivuna kanisani, lakini ninajivunia mke wangu. Nikisimama kwenye parkingi siku hizi ninaona mabega yaliyotoka mikononi mwake, moja, jingine, jingine tena, na abiria wanauliza wenyewe, iko wapi kaske yangu? Jina la Robo limebaki, na ninaliitika kwa furaha.

Mama Zaina yupo hapa leo, kwenye benchi la mwisho karibu na dirisha. Si kanisa lake, lakini alisema lazima aje asikie nitakavyoeleza, nisije nikasahau kutaja vitenge. Karibu sana, Mama. Vyote vilipatikana na vilifuliwa.

Asante kwa Mungu aliyenirudisha kwa watoto wangu. Asante kwa wale waliotubeba kwenda hospitalini na matope yetu. Na ninyi wamotari mliokuja kusali, ninawaalika: mtumainieni Bwana kwa moyo wote, msiache kuomba kabla ya kuwasha pikipiki. Halafu mtafuteni Mama Imani. Yuko pale upande wa wamama, amevaa kitenge cha bluu, anainamisha kichwa kwa sababu hapendi kutajwa. Mita iko kwenye mkoba wake. Mwendeeni leo, awapime mabega mkiwa mmesimama. Amina.