Gia Tano za Kapiteni

Pale unapoingilia mji wa Kakamega kutoka Lubao kuna benchi, birika la kahawa ya Were, na wanaume ambao hawajawahi kukosa jibu. Jumamosi hiyo ya mwaka wa tisini na sita, Cleophas hakuwa na haja ya kusimama hapo hata kidogo. Kijiweni walimwita Kapiteni, kwa sababu aliendesha lori la miwa miaka kumi na tisa. Binti yake Nanjala alikuwa nyumbani Lubao, amevaa gauni la harusi, akisubiri kupelekwa kanisani mjini saa tano. Gari la kumbeba, saluni ya Kijerumani yenye mbio na gia tano zinazojibadilisha zenyewe, Kapiteni alikuwa ameazimwa na daktari jirani. Lakini angepitaje benchi bila kuonekana? Akaegesha. Akazima injini makusudi, ili jamaa wasikie ikiwashwa. Sasa ilikuwa saa nne na nusu na injini haikutaka kuwaka.

— Jaribu tena, alisema Spana, fundi wa matrekta.

Kapiteni akazungusha ufunguo. Taa zote zikawaka. Injini kimya.

— Umeona? akasema Spana. Mimi nilisemanga, gari bila klachi ni ugonjwa.

— Ugonjwa gani? akadakia Profesa, ambaye chuo kikuu alifika siku moja tu, akimsindikiza mpwa wake. Hiyo ndiyo gia ya kisasa. Tano, bwana! Ukitaka kupita mtu unakanyaga tu, inashuka yenyewe gia mbili mara moja, unasikia mgongo umeshikana na kiti. Wewe na gia zako za mkono bado unatafuta ya tatu.

— Na mlima?

— Inajua mlima kabla wewe hujauona.

— Basi dereva ni wa nini? Huyo ni abiria ameshika usukani.

Neno hilo lilimchoma Kapiteni. Tangu atoke kwa daktari mguu wake wa kushoto ulikuwa ukitafuta klachi, na mara moja ukaangukia breki hadi kofia ikagonga kioo. Hilo hakumwambia mtu.

— Tuisukume, alisema.

Wakaisukuma kuteremka hadi kwenye mashine ya kusaga mahindi, Kapiteni ndani akingoja ishtuke. Haikushtuka. Wakairudisha juu wakihema, Were akawamiminia kahawa.

— Kwani hamjui automatiki haiwashwi kwa kusukuma? alisema Profesa.

— Na wewe si umesukuma?

— Nilikuwa nafanya utafiti.

Spana akaingiza kichwa dirishani.

— Hii swichi iko na nyota ni ya nini?

— Ya usiku, Profesa akajibu bila kupepesa. Sasa mnisikilize. Ndani ya hizi gia kuna kompyuta inasoma mguu wa dereva. Ikipata mguu wa daktari, inatulia. Ikipata mguu wa lori la miwa, inajifunga.

— Kwa hivyo inanikataa mimi?

— Si wewe. Ni mguu.

— Basi atoe kiatu, akasema Spana. Isome mguu wenyewe.

Na Kapiteni, mtu mzima mwenye suti, akavua kiatu cha harusi, akakiweka kwenye benchi, akazungusha ufunguo akiwa na soksi. Kimya. Akatazama barabara ya Lubao. Nanjala alikuwa amesoma miaka yote akipanda lori la baba yake, akishuka shuleni na masizi ya miwa kwenye sketi. Jana usiku Kapiteni alikuwa amemwahidi kwamba siku hii atabebwa kama binti wa watu.

Kengele ya baiskeli ikalia. Alikuwa Mukhwana, bodaboda wa Lubao, shati limeloa jasho. Nyuma yake kwenye keria alikaa Nanjala, gauni limefungwa kwa mpira lisiingie kwenye mnyororo. Aliteremka, akatazama gari, akatazama soksi ya baba yake.

— Baba, mwenye gari alikuambia inawashwa aje?

Profesa akachungulia kikombe chake. Spana akakumbuka kucha zake zina grisi. Kapiteni ndiye aliyelijua jibu, na akaona aibu kulitoa. Daktari alikuwa ameanza kusema, "Mzee, kabla ya kuwasha, rudisha hii kwa P, ya kuegesha," naye akamkatiza: "Daktari, unanifunza gari mimi?" Sasa akatazama. Gia ilikuwa kwa D, ya kwenda mbele. Alikuwa ameiacha ndani ya gia, jinsi alivyoegesha lori miaka yote kumi na tisa, maana hendibreki ya lori lile haikuzuia hata toroli.

— Twende, Mukhwana, alisema Nanjala. Pasta ananingoja.

Baiskeli ilipoondoka, Kapiteni akaisukuma gia hadi P, akazungusha ufunguo. Gari likawaka mara moja, laini kabisa.

— Si niliwaambia? alisema Profesa. Gia tano!

Kapiteni hakungoja kumsikia. Akaifikia baiskeli mbele ya soko, akashusha kioo.

— Panda, mama. Tafadhali.

— Nimeshafika, Baba. Nina vumbi, nitamchafulia daktari kiti.

Hakusema kwa hasira, na hilo ndilo lililomuuma zaidi. Akapunguza mwendo, akafuata keria ya Mukhwana hadi mlango wa kanisa, gari zima likiwa gia ya kwanza na dereva akiwa na kiatu kimoja.